Jiwe la Kwenye Chupa

Zama hizo Sultani bado yupo, nilivua samaki watano wadogo pale Wesha maji yalipokupwa, nikawatia kwenye chupa kubwa ya peremende, na maji ya bahari na jiwe moja la kujifichia. Baharini walikwenda kundi moja, bega kwa bega. Chupani, mdogo kuliko wote alilishika jiwe, na kila aliyelisogelea alimng'ata mkia.

Sisi ndugu watano tulikula sinia moja. Adabu ni kula kilicho mbele yako, lakini kipande cha samaki kilikaa katikati, na dada yangu mkubwa alikuwa na mkono mrefu, mwizi yule! Kila siku ugomvi, na mwenye kelele ni mimi.

Niliwahurumia wale samaki waliokuwa wakifukuzwa, nikalitoa jiwe. Jioni ile ile wakaogelea pamoja, hakuna anayemgusa mwenzake. Nikamwita bibi yangu aje aone, nikajisifu kama kadhi aliyepatanisha mji mzima. Akainama, akawatazama, akaguna.

Kesho yake mchana sinia likaja na wali mtupu.

"Bibi, samaki yuko wapi?"

"Nimelitoa jiwe," akasema. "Haya, kuleni kwa amani."