Mutu wa Nyuma Kwenye Barabara ya Nyabibwe

Haya ninayoandika yalinipata mimi mwenyewe. Si jirani, si shemeji wa rafiki. Masomo niliyaacha mwaka wa ine wa primaire, na tangu pale sikupata wakati wa kujifunza kutunga uongo, nilikuwa natafuta maisha. Bukavu wananijua. Nilianza na baiskeli, velo moja ya Kichina, kadre yake, ile fremu, imeunganishwa kwa moto mara mbili, nikipakia unga wa muhogo. Leo niko na depo ya velo na vipuri, niko na nyumba ya etaji, yaani gorofa, kule Muhumba, na watoto wangu wote wamesoma. Hakuna mutu alinishika mukono. Sasa mutu kama mimi atakaa chini kutunga hadithi ya mizimu ili apate nini?

Wakati ule barabara ya Minova ilikuwa ingali inapitika vizuri. Wazungu wane kutoka Uholanzi walimwandikia binti yangu Nsimire, mwenye kusoma mambo ya utalii. Walitaka kupiga velo huku kwetu, kando ya ziwa, kutoka Bukavu mpaka Minova. Eti kwao inchi ni sawa kama meza, wanatamani milima. Nikamwambia: milima iko, hata ya kuwafungia wapeleke nyumbani.

"Papa, lakini utaweza lojistiki?" akaniuliza.

"Mama, lojistiki ni nini? Ni kujua watakunywa wapi, watalala wapi, na nani ataziba pneu ikitoboka. Miye nilifanyaka hiyo hata mbele ya kujua jina yake."

Na nilipanga vizuri, niseme ukweli. Usiku wa kwanza Katana, nyumba ya wageni yenye mashuka safi. Wa pili Kalehe. Pikapu ya kubeba mizigo, maji ya kuchemsha, na chamburère, mipira ya ndani ya magurudumu, za kutosha. Hata mupango wa kufuatana njiani niliuweka mimi: wazaifu mbele, mwenye nguvu nyuma kabisa, juu mutu wa nyuma njo anaokota mwenye kuanguka. Mwenye nguvu kupita wote alikuwa Nsimire. Ilibaki kitu kimoja tu, mahali pa kupumzika muchana kwenye ule mupando wa kati ya Kalehe na Nyabibwe. Ningeweza kutuma mutu. Lakini mimi si mutu wa kutuma, nilipanda velo, nikaenda peke yangu.

Ilikuwa saa sita ya muchana. Ukungu ulitelemuka kutoka mulimani, ziwa likapotea chini yangu kama limefunikwa na blanketi. Hapo nikakuta nyumba ya mbao kando ya barabara, na benchi mbele. Mwanaume wa umri wangu alikuwa amepindua velo yake, magurudumu juu, anazungusha pedali na mukono. Gurudumu ilizunguka bila sauti. Kabisa. Mimi mwenye depo, velo isiyolia hata kidogo sijawahi kuiona. Nikafikiri: huyu ni fundi.

"Karibu, papa. Unatoka mbali?"

"Bukavu. Muhumba."

"Aa, kule kwa bakubwa."

"Bukubwa tulijipa sisi benyewe," nikamujibu.

Niamini, mudomo wangu ulifunguka kama gunia yenye kupasuka. Nikamwambia depo, nikamwambia etaji, nikamwambia wazungu. Yeye aliuliza kidogo kidogo, kama mutu mwenye siku nyingi mbele yake.

"Na nani atakuwa wa nyuma?"

Kwa mutu wa velo, hilo ni swali la kawaida. Ungejua? Nikajibu na kifua mbele: "Binti yangu, Nsimire. Hakuna kijana wa Bukavu anamushinda kupanda."

"Nsimire," akasema polepole, kama mutu anayeonja chumvi. "Siku gani?"

"Alhamisi."

"Muzuri. Batapumuzika hapa."

Akaingia ndani, akaleta kibuyu cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na murija mumoja. Akaweka mbele yangu, akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Sasa, kwetu kila mutu anajua: mwenye nyumba anaonja mbele, ndipo mugeni anakunywa. Si dharau. Ni juu ya karuho, ile sumu ya kumaliza mutu polepole. Hata ndugu yangu wa tumbo moja, akinipa pombe, anaonja.

"Onja mbele," nikamwambia.

"Unaniogopa?"

"Naogopaka kila mutu. Njo maana ningali muzima."

Akacheka. "Siku hizi sikunywake, papa."

"Basi na miye sikunywe."

Kisha akashika murija, akavuta. Mashavu yaliingia ndani, koo likapanda na kushuka, hata kumeza nilisikia. Na chini ya benchi, kati ya miguu yake, nikaona vumbi linalowa. Tone, na tone, halafu kama uzi. Ilikuwa kasiksi ileile, na povu yake. Suruali yake ilikuwa kavu. Pombe ilipita ndani ya ule mutu kama inapita hewani.

Akafuta mudomo. "Nimeonja. Sasa weye."

Wewe ungekunywa? Mimi nilijikuta juu ya velo. Kama niliaga, sikumbuki.

Nyabibwe kuko maman mumoja mwenye kuuza chakula. Tulijuana tangu zamani zangu za unga. Nilipomaliza kumueleza, hakucheka.

"Ulikunywa?"

"Hapana."

"Uliongea?"

"Niliongea."

"Sana?"

"Mpaka jina ya mutoto, na siku."

"Weye tena!" akasema, akaweka kijiko chini. "Ule alikuwaka mwenye kupeleka kasiksi. Balikuwa banatelemuka wengi, velo zimepakia, na mwenye kupakia haangaliake nyuma, breki haikubali kusimamisha muzigo. Yeye njo alikuwa wa nyuma. Shene, munyororo ya velo yake, ikakatika, akaanguka vibaya. Akaita benzake. Balisikia, hakuna mwenye alirudi. Sasa anatafuta mutu wa kubakia naye. Sauti yako ameshaishika, jina ya mutoto ulimupa. Atamuita na sauti yako. Mutoto akirudi nyuma, amebaki."

"Nifanye nini, maman?"

"Siku ile, funga mudomo. Mutoto ajue: sauti ya baba yake kwenye ule mulima, si baba yake. Na weye, hata ukivunjika muguu, usiite."

Nilijaribu kubadilisha safari, nikawaambia wazungu tuchukue mutumbwi wa motere kutoka Kalehe. Walikataa. Walikuja kupedali, si kukaa. Kumuacha Nsimire Bukavu nayo haikuwezekana, Kiingereza ni yeye tu alikijua. Yeye mwenyewe, nilipomueleza yote, alicheka: "Papa, ile ni njaa. Ulipanda bila kula." Lakini aliona mimi sicheki, akakubali kupanda ndani ya pikapu kwa ile sehemu, mimi nichukue nafasi yake nyuma. Nikaapa kwamba kutoka Kalehe mpaka Nyabibwe sitasema neno.

"Papa, weye? Kunyamaza?"

"Miye."

Alhamisi tukapanda. Wazungu mbele, pikapu inawafuata, mimi nyuma kabisa. Ukungu ukashuka palepale. Nyumba sikuiona, nilisikia tu harufu ya ndizi mbivu. Na hapo shene yangu, mupya, niliyoifunga mimi mwenyewe kwenye depo, ikakatika.

Taa nyekundu za pikapu zikaanza kuwa ndogo. Nikafungua mudomo kuita. Nikaufunga, nikauma ulimi mpaka damu.

Halafu nikajisikia. Nyuma yangu, karibu: "Nsimire! Nsimire ee! Rudi, shene yangu imekatika!" Sauti yangu yenyewe, na kikohozi changu. Haikudanganya hata neno moja. Kisha ikaanza kulia: "Mutoto wangu, unaniacha?"

Kule juu taa zikasimama. Unajua ni nini kuangalia taa za gari zimesimama, mutoto wako ndani, na huwezi hata kusema "hapana"? Nilisimama pale nimeziba mudomo na mikono miwili. Sijui ni muda gani. Halafu taa zikaondoka, ukungu ukazimeza.

Nilisukuma velo kwa miguu, bila kugeuka, na mimi mwenyewe nikijiita kutoka nyuma, mpaka ile sauti ikakauka.

Jioni, Nyabibwe, Nsimire aliniambia alikuwa ameshafungua mulango, muguu mumoja uko chini. Alijua ni mimi. Hata chauffeur mwenye kuendesha pikapu alijua ni mimi. "Lakini ilianza kulia, papa," akasema. "Weye huliake."

Sikumwambia kwamba wakati ule na mimi nilikuwa nalia.

Safari iliisha vizuri, wazungu walifurahi, hilo sitalificha. Lakini mpaka leo chauffeurs wa kutoka Minova wanaingia kwenye depo yangu na kuuliza: "Papa, juzi ulikuwa unatafuta nini kule mulimani? Tulikusikia unaita." Juzi nilikuwa hapa, nauza pneu. Na Nsimire, nikimuita kutoka nyuma, hata nyumbani, hata kwa kumupa chakula, haitike na hageuke. Anasimama tu. Anangoja nizunguke nije mbele yake, aone mudomo wangu. Ameshazaa sasa, na mutoto wake amemufundisha vilevile.

Basi wewe mwenye kupanga safari ya velo upande ule, panga maji, panga pneu, lakini usimwambie mutu wa njiani nani atakuwa wa nyuma. Na ukisikia kwenye ule mupando sauti kubwa ya mwanaume, anasema iko na depo, iko na etaji Muhumba, na shene yake imekatika, endelea kupedali. Mimi niko Bukavu. Na siku nitakuwa kule kweli, sitaita.