Friji Iliyonyamaza Manga

Nakumbuka Jumatatu moja, mwanangu, simu ilipopigwa kutoka zahanati ya Manga. Nilikuwa kijana wa kompyuta mjini Kisii. Ofisi yetu iliangalia friji za dawa katika zahanati za huku na za Nyamira. Kila friji ilikuwa na kifaa kilichotuandikia joto lake mchana na usiku, mistari mingi mno kwa jicho la mtu.

Mwenzangu Nyakundi, mwerevu kutushinda sote, alikuwa ameandika amri fupi, mojawapo ya zile zinazochapwa kwenye dirisha jeusi la kompyuta. Ilichuja kumbukumbu hizo za joto na kutuonyesha mistari yenye neno "hitilafu" tu. Ili kuijaribu, alitunga amri nyingine ya kuzalisha kumbukumbu bandia, akatia humo hitilafu za kila aina. Chujio lilizinasa zote, tukampigia makofi. Tangu hapo, kila asubuhi aliichapa, skrini ikabaki tupu, naye akasema, "Tuko sawa." Tukanywa chai.

Kule Manga, friji na kifaa chake vilizimika pamoja. Kitu kilichozimika hakiandiki hitilafu, mwanangu. Hakiandiki chochote. Muuguzi alikuwa peke yake na wagonjwa wengi, tena alishaambiwa kwamba Kisii wanaangalia. Dawa ya kuzuia damu kwa wanaojifungua ikakaa chini ya paa la bati hadi ikaharibika, na kwa macho haikubadilika hata kidogo.

Mama mmoja, Kwamboka, alijifungua mtoto wa kike. Damu haikukoma. Alidungwa sindano ya dawa hiyo, akadungwa tena. Alifariki kabla gari la wagonjwa halijafika kutoka mjini. Ndiyo habari iliyoletwa na simu ya Jumatatu ile.

Bi Moraa, mkuu wetu, hakumfokea mtu. Alitupeleka mazishini. Ombati, mume wa marehemu, alitujia akiwa na kofia mkononi.

"Nyinyi ndio mnaoangalia friji?"

"Ndiyo, mzee," Nyakundi akajibu. "Ni mimi."

Ombati alimtazama sana, kisha akavaa kofia yake na kurudi kaburini. Heri angemtukana.

Tukirudi, Bi Moraa alisema, "Nyakundi, ulilijaribu chujio lako kwa makosa uliyoyatunga mwenyewe. Friji iliyokufa hukuitunga. Kesho andika amri ya kuuliza nani hajasema kitu."

"Sitaweza, madam."

"Utaweza. Kuna zahanati nyingine."

Asubuhi yake aliiandika. Skrini ikataja zahanati moja ya Marani, kimya tangu wiki iliyopita. Alikimbia kutafuta boda boda, akaenda mwenyewe, akazitoa dawa zilizoharibika humo kabla hazijatumika. Mwaka huo huo aliacha kazi. Siku hizi analima chai, na tukikutana hatuzungumzii kompyuta.

Wewe unayeanza kazi hii, chuja, maana bila kuchuja utazama. Lakini ukishachuja, jiulize ni nini ambacho chujio lako haliwezi kuona. Usijitungie mtihani ambao majibu yake unayajua tayari. Na pale ambapo hakuna sauti, usiseme ni salama. Piga simu, au panda mlima ukaone. Hata nyumbani kwako, mtoto asiyelalamika mwendee kwanza.

Mungu akupe macho ya kuona wanaonyamaza, na akuepushe na kusimama mbele ya Ombati wako.