Choya ya Upande wa Mikorosho

Mwaka ule nilikuwa na mtoto wa miezi minne, na mama yangu alikuja kunisaidia kulea. Tunaishi bara, njia ya kupandia Rondo. Nyuma ya nyumba nilikuwa na tuta la choya. Wengi huitaka kwa juisi yake nyekundu. Mimi napenda majani, yale machachu, yakichemshwa na kuungwa kwa karanga.

Siku hiyo maji yalikuwa haba, majani nikayasuuza mara moja tu. Tukala na ugali. Mama akaongeza mara mbili.

Tulikuwa tunanawa mikono alipopita shemeji, mdogo wa mume wangu. Mikorosho yake imepakana na tuta langu. Akaona vikonyo kwenye ungo.

"Shemeji, choya hii umechuma lini?"

"Asubuhi hii."

Akachuchumaa pale pale. "Jana nimepuliza dawa ya wadudu. Upepo ulikuwa unakuja huku."

Nikamgeukia mama, alikuwa ameshika tumbo. "Nasikia kichefuchefu," akasema. Dakika moja nyuma alikuwa anacheka.

Tukachukua bodaboda mbili kwenda zahanati, shemeji akiwa ameshika chupa ya ile dawa. Njiani mtoto akaanza kulia njaa. Maziwa yakanichuruzika yakalowesha gauni, na sikuthubutu kumpa ziwa. Nilisoma kila dua niliyoijua, nikizichanganya.

Nesi akasoma chupa, akampigia daktari simu. Akatuuliza: Mmetapika? Mnaona vizuri? Mate yanawatoka? Kisha akatukalisha kwenye benchi, akawa anarudi kutupima. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

"Mimi ndiye niliyekula nyingi," mama akaninong'oneza. "Kama ni kufa, nitatangulia."

"Mama, nyamaza!" Sijawahi kumkemea mama yangu, kabla wala baada ya siku ile.

Saa kumi nesi akaja akitabasamu. "Hamna dalili yoyote. Bibi ameshikwa na hofu tu. Mnyonyeshe mwanao."

Nilimpa kwa haraka hata ziwa likamponyoka mtoto mara mbili.

Siku hizi shemeji hupiga hodi kabla ya kuwasha mashine ya kupulizia. Choya nimeihamishia upande wa barabara, na mama akija huiulizia. Nampikia. Lakini akianza kula, mimi sili. Nakaa namtazama usoni mpaka amalize.