Nyuki, Wifi na Mtani

Kwetu kila mtu ni daktari. Ukiwa mzima hutasikia neno, ila umwa jino tu uone, hata mpita njia atakusimamisha akupe mzizi wa kutafuna. Hilo nililijua tangu zamani. Sikujua tu kwamba siku moja madaktari wote wa mtaa wetu wa Chuno wangenigombea mimi, nikiwa nimelala chini kwenye kibanda cha shamba langu mwenyewe.

Ulikuwa msimu wa korosho. Shamba liko njia ya kwenda Msimbati, na majirani walikuja kunisaidia kuokota. Kazi yenyewe si ya kutisha. Unaokota bibo lililoanguka, unanyonga korosho yake, tunda unalitupa kwenye lundo. Lundo likikaa juani linachacha, na harufu ile nyuki wanaijua kuliko sisi. Siku hiyo walikuwa wametanda juu yake, wanakunywa taratibu, hawana habari na mtu.

Angekuwepo mwenye akili angetuambia tuhamie mti mwingine. Alikuwepo wifi yangu. Ni dada wa marehemu mume wangu, mwanamke asiyeweza kuona kitu kimetulia akakiacha. Alivua kanga yake ya juu akaanza kuwachapa nyuki nayo. "Hawa ukiwaonyesha ukali wanaondoka," alisema. Nyuki akipondwa hutoa harufu ya kuwaita wenzake, na wenzake wakaitika. Wifi alijifunika gubigubi kwa kanga ileile akatimua mbio. Mimi nilikuwa nimeketi, tena jana yake nilikuwa harusini Mikindani, nanukia udi utadhani bibi harusi ni mimi. Fuata nyuki ule asali, tunafundishwa. La kufanya nyuki wakikufuata wewe hakuna anayelifundisha.

Tulikimbilia kibandani, nikiwa nimechomwa shingoni, sikioni na mkononi. Hapo hospitali ikafunguliwa. Mmoja alitaka dawa ya meno, mwingine kitunguu. Mzee mmoja, kwa heshima zake zote, alipendekeza mkojo, kisha akatazama huku na huku kuona nani atajitolea. Mwiba wa nyuki unakwanguliwa upesi kwa ukucha, pale palipochomwa panaoshwa kwa maji na sabuni, panawekewa kitambaa cha baridi, basi. Maji yalikuwepo na sabuni ilikuwepo. Lakini vitu hivyo havina sifa. Nani atarudi mjini atambe kwamba amemponya mtu kwa kipande cha sabuni? Wifi akapasua ganda la korosho mbichi, akanipaka mafuta yake mkononi, eti moto hutolewa kwa moto. Mtu yeyote wa Mtwara anajua mafuta yale yanavyobabua ngozi, na wifi amezaliwa Mtwara. Uvimbe wa nyuki uliisha siku chache baadaye. Kovu la wifi ninalo mpaka leo.

Wakiwa bado wanabishana, niliona mwili mzima unaniwasha, hata nyayo, ambako hakuna nyuki aliyefika. Ulimi ukawa mzito na kifua kikabana. Nikasema, "Siwezi kuhema."

Wakacheka.

Walikuwa na sababu yao. Mtani wangu alikuwepo pale. Yeye ni Mngoni, mwalimu aliyehamia kutoka Songea, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na mimi ni Myao, makabila yanayotaniana tangu enzi za mababu. Tulikuwa hatujawahi kuambiana neno la kistaarabu. Siku ya msiba wa mume wangu alivaa kanzu ya marehemu akajilaza mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka apewe jogoo, nami nikacheka siku ambayo nilidhani sitacheka tena. Nami, akiniomba nimsaidie kazi, najiangusha uani kwake na kukata roho. Nimekufa pale mara nyingi kiasi kwamba mkewe ananiruka na ndoo yake ya maji bila kugeuka. Kwa hiyo niliposhika koo, wote wakajua mchezo umeanza.

"Haya, Myao anakufa," alisema mtani. "Palipo na kazi hawa hufa. Mchimbieni hapahapa, atatufaa kwa mbolea."

Midomo yangu ilikuwa inavimba, wifi akasema najaza upepo mashavuni. Niliwachukia wote. Niliogopa pia, maana kufa ni jambo moja, na kufa mbele ya watu wanaoshangilia ni jambo jingine kabisa.

Mtani akanogewa. Akasema mama yangu alinizaa baada ya kukosa kuku wa kufuga. Jibu la tusi hilo nilikuwa nalo, tena zuri, lakini ulimi haukugeuka. Akangoja. Akalirudia tusi lake, akaongeza na bibi yangu. Nikabaki namtazama.

Kicheko kilimfutika usoni. "Jamani, hajibu," akawaambia wenzake. "Huyu anaumwa kweli."

Alinipakia kwenye pikipiki yake, wifi akanishika kwa nyuma, tukaenda zahanati. Nesi alinitazama mara moja tu, akanichoma sindano ya paja, kisha akaita gari la kunipeleka hospitali ya mjini. Tukisubiri gari, aliwageukia wenzangu. "Aliyechomwa na nyuki akivimba mdomo, akihema kwa shida au akiona kizunguzungu, hana dawa ya nyumbani huyo. Mleteni mbio, hata kama hammwamini. Mngekawia kidogo tu mngeniletea maiti." Wifi alitikisa kichwa kwa busara, kana kwamba ndiye aliyekuwa akitukumbusha hayo tangu asubuhi.

Kesho yake mtani na mkewe walikuja kuniona wodini. Alivaa shati lililopigwa pasi, ameshika chupa ya uji. Nikajiweka sawa kitandani, maana jibu langu nilikuwa bado nimelitunza. Akasimama miguuni pangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, dada," akasema. "Pole sana."

Tangu ahamie Chuno alikuwa hajawahi kuniamkia. Nesi aliposema habari za maiti sikutishika, lakini shikamoo ile ilinisisimua mwili mzima. Nikamwona mtu aliyekwisha kunizika.

"Mngoni," nikamwambia kwa sauti iliyobaki, "nitukane."

Alifungua mdomo. Mkewe akamgusa bega, kumtia moyo. Hakuweza.