Kipimo cha Maji ya Ziwani

Siku moja ninaikumbuka hadi leo, mwanangu, siku kaka yangu Magesa aliposhuka kwenye basi hapa Musoma akiwa amekumbatia ndoo yenye mfuniko. Mabegi aliniachia mimi. Ndani ya ndoo walikuwamo samaki wawili wa baharini, wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mkewe, Esta, ndiye aliyewafuga walipokuwa wakiishi Tanga, na Esta tulikuwa tumemzika hukohuko kwao. Magesa alirudi na samaki wake tu.

Nakusimulia haya kwa kuwa unataka kuweka tangi la samaki kama lile la kaka kwenye nyumba yako ya wageni pale Manyamanyama, na umeniuliza ununue kipimo gani cha chumvi. Watu wa Mara na samaki wa baharini! Sisi wa sato na sangara wa ziwani mambo hayo tunayajulia ukubwani.

Magesa aliweka tangi sebuleni kwake, Makoko, akawa anachanganya mwenyewe maji na chumvi yake maalumu. Kipimo cha kidijitali alichoachiwa na Esta kikafa. Shemeji yake wa Tanga akaahidi kumtumia kingine, ila asubiri kidogo. Jirani yetu Mafuru, anayefuga sato kwenye vizimba, akamcheka.

"Unasubiri nini sasa? Chukua kama changu. Sisi wote ndo tunatumiaga hiki, na hakitusumbuagi."

Kweli, yeye hakikumsumbua. Vizimba vyake viko ziwani.

Magesa akanunua. Alipokitumbukiza kikaonyesha namba, kesho yake namba ileile, na siku zilizofuata ileile. Tukafurahi kwamba maji yametulia. Hatukujua kwamba kipimo kile kilitengenezewa maji yasiyo na chumvi, na kwamba namba ile ndiyo ilikuwa mwisho wake. Chumvi ikizidi hapo, hakina namna ya kusema. Joto likawa linakausha maji, chumvi inabaki, naye anajazia mengine ya chumvi.

Samaki mmoja alikufa asubuhi, wa pili jioni. Magesa aliwafunga kwenye kitambaa cha kichwa cha Esta, akawazika nyuma ya jiko. Mimi nililia bila aibu. Yeye hakulia, na hilo liliniogopesha.

Shangazi aliyetulea akaja kutoka Bugwema. Alikigeuzageuza kile kipimo mkononi.

"Magesa, ulimuuliza muuzaji hiki ni cha maji gani?"

"Sikuuliza, shangazi. Niliona kila mtu anacho."

"Kila mtu hana samaki wa Esta, baba."

Akavuta kiti, akakaa kando yake.

Kipimo cha Tanga kilifika tangi likiwa bado na maji. Magesa akakitumbukiza. Namba ikapanda, ikapita ile ya bahari, ikazidi kupanda. Hapo ndipo alipolia.

Basi, mwanangu, usinunue kwa kuwa jirani anacho. Uliza kimetengenezewa maji gani na namba zake zinaishia wapi. Kijaribu kwanza kwenye yale maji ya chupa ambayo kiasi cha chumvi yake kinajulikana, yanayouzwa kwa kazi hiyo, na ukimaliza kupima kisuuze kwa maji safi. Maji yakikauka, ongeza yasiyo na chumvi. Na namba isiyosogea kabisa, itilie shaka.

Nami nakuambia na hili, ingawa linaniuma. Baada ya samaki wale, kila asubuhi nilimuuliza kaka ameamkaje. Alinijibu, "Salama," neno lilelile kila siku, nami nikaridhika. Hakuwa salama. Masika yaliyofuata tulimzika pale Makoko.

Mtu wako akikujibu hivyo, vuta kiti ukae naye, kama alivyokaa shangazi. Mungu awatunze samaki wako, mwanangu, na akupe watu wa kukuuliza hali mara ya pili.