Mkunga na Chupa ya Nyapara

Asubuhi ya mwisho kabla hajaugua ugonjwa uliomuua, mkunga alimcheka mumewe, Mzee Nyamweya, akisema uji aliopika ungefaa kukandika nyumba, kisha akaunywa wote. Mzee hajapika tena. Anaikumbuka mikono ya mkewe iliyonuka moshi, na jinsi alivyomuuliza kila msichana wa laini, zile safu za nyumba za wachuma chai, aliyemjia na mimba changa: "Wewe mwenyewe unataka nini?" Siku moja nyapara wa shamba la chai alimleta Aoko, mmoja wa wasichana hao, pamoja na chupa ya mizizi, dawa ya kutoa mimba iliyokwisha kumuua binti wa jirani. "Anywe sasa hivi, mama." Aoko akanong'ona kwamba hataki kufa. Mkunga akamimina kikombe, akakinusa, akamsogezea nyapara. "Anza wewe, baba. Hii mimba mliitengeneza wawili, na kati yenu, tumbo kubwa ni lako."