Babu Kasiani na kibaraza chake

Jamani, leo mlinzi kamwinua babu wa watu kwenye kibaraza alichokichora mwenyewe!

Mnanijua na historia yangu ya wachora ramani za majengo waliosahaulika. Nilimleta Babu Kasiani aone jengo lake la ushirika hapa Songea, ambalo siku hizi limebinafsishwa.

Akakaa nje apumzike.

“Mzee, hapo hapakaliwi.”

Akainuka. Eti anaomba samahani!

Nikashindwa kunyamaza. “Aliyelichora jengo hili ni huyu!”

Mlinzi akavua kofia. “Shikamoo, babu. Mama akileta tumbaku kutoka Namtumbo, alikuwa ananilaza hapo tukisubiri kupimiwa.”

“Marahaba. Basi nilimchorea yeye.”

Wakakaa wote wawili. Mimi nikageukia ukutani, machozi hayo.

Haya semeni: hapo ulipokaa sasa, alipachora nani?